Pipetman P200 ya Gilson: inavyofanya kazi juu ya mizani

P200 ni pipeti (kifaa cha mkononi cha kuvuta na kutoa kiasi kidogo sana cha maji) imara na vipuri vyake vinafunguka kirahisi. Ubaya wake ni springi nzito: baada ya sampuli mia hivi kidole gumba kinauma. Kwenye mikrolita 200 watengenezaji, Gilson, wanaruhusu kosa la mikrolita 1.6 juu au chini, sawa na ISO 8655, kiwango cha kimataifa cha pipeti. Kulihakiki ni kupima uzito wa maji inayotoa, na kunahitaji mizani inayosoma 0.01 mg.

Hesabu ndiyo inayowaponza wengi. Mikrolita 200 kamili za maji ya nyuzi 25, zikipimwa Nairobi, mizani husoma kama 199.24 mg. Sehemu kubwa ya pengo hilo ni densiti ya maji (uzito wa kila mikrolita), miligramu 0.99705. Iliyobaki, kama 0.17 mg, inatokana na hewa: huyainua maji zaidi ya inavyoyainua mawe ya chuma yaliyotumika kurekebisha mizani, ambayo densiti yake ni 8. Usiposahihisha, karibu nusu ya ile 1.6 imeshaliwa na pipeti haina kosa lolote. Ukiwa Nairobi, zidisha miligramu kwa 1.0038 upate mikrolita; Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari, tumia 1.0040. Kati ya miji hiyo tofauti ni mikrolita 0.04 tu, kwa hiyo baromita (kipima shinikizo la hewa) isikunyime usingizi. Kipimajoto kiwe ndani ya maji. Cha ukutani kinadanganya.

Pipeti, tipu (ncha ya plastiki ya kuchomeka) na maji vikae chumba kimoja saa mbili kabla ya kuanza. Ukipandisha namba ya ujazo, ipite kidogo kisha uirudishe taratibu. Suuza tipu mpya mara tano, izamishe milimita 2 au 3, vuta polepole, toa kwa kugusa ukuta wa chombo. Pima mara kumi, kila mzunguko (kuvuta, kutoa, kusoma mizani) chini ya dakika moja. Majibu yakizidi kushuka kadiri unavyoendelea, shuku joto la kiganja: hewa iliyo juu ya maji inapanuka, pipeti inavuta pungufu. Itundike ipoe.

Kwenye mikrolita 20 adui ni mvukizo. Miligramu 0.1 ikipotea, hiyo ni asilimia 0.5 nzima. Weka maji kidogo chomboni tangu mwanzo, funika, fanya mzunguko mmoja bila kuongeza maji uone kinachopotea, kisha kijumlishe kwenye kila kipimo. Wengi huruka hatua hii, halafu lawama zinaenda kwa pipeti.

Pipeti ikishindwa kipimo, ijaze mikrolita 200, ishike wima sekunde 20. Tone likijitokeza kwenye ncha, hewa inapenya: badilisha sili na oringi (vizuizi vya hewa kwenye pistoni), futa pistoni bila kupaka grisi, kisha upime upya. Isipovuja na bado kosa ni lile lile kila mara, mpelekee fundi mwenye kifaa cha kuirekebishia.