Sanamu ya Smith na Carlos, San José State: panda jukwaani, lakini ukiijua habari ya 1967

Hakuna kiingilio. Chuo Kikuu cha San José State kiko katikati ya jiji la San José, California. Ingilia kona ya barabara za 4th na San Fernando, penye maktaba ya King, kisha ufuate njia za ndani kuelekea Tower Hall, lile jengo kongwe lenye mnara. Sanamu iko kwenye nyasi, jirani na Clark Hall.

Ni kazi ya msanii Rigo 23, iliyozinduliwa Oktoba 2005, na kila kipande kina maana. Tommie Smith na John Carlos, wakimbiaji wa chuo hiki, wamesimama kama walivyosimama kwenye jukwaa la washindi la Olimpiki ya Mexico City tarehe 16 Oktoba 1968, baada ya fainali ya mita 200, kupinga ubaguzi wa rangi. Smith ameinua ngumi ya kulia, Carlos ya kushoto, maana waligawana jozi moja ya glavu. Hawajavaa viatu, kama siku ile walipopanda na soksi tu kuonyesha umaskini wa watu weusi. Umbo ni la faibaglasi iliyofunikwa vigae, na ndani limeshikwa na chuma.

Uzuri wa kipekee uko kwenye nafasi ya mshindi wa pili jukwaani, ambayo ni tupu. Mshindi huyo, Peter Norman wa Australia, aliyevaa beji ya kuwaunga mkono wenzake, alitaka asichongwe ili mgeni asimame pale. Simama. Anayekupiga picha arudi nyuma sana: sanamu inapita mita 6, na akikaribia atakata ngumi, ambazo ndizo kiini.

Upungufu ni mmoja, na ni mkubwa. Ukiitazama sanamu peke yake utadhani mambo yalianzia Mexico. Yalianzia hapahapa chuoni, Septemba 1967. Mwalimu Harry Edwards, aliyewahi kuwa mwanamichezo wa chuo hiki, pamoja na wanafunzi weusi, walilalamikia ubaguzi katika nyumba za kupanga, vyama vya wanafunzi na michezo. Wakatishia kuzuia mechi ya kufungua msimu wa futiboli ya Kimarekani dhidi ya timu ya El Paso. Mechi ikafutwa.

Nguvu ya wanamichezo iko hapo: mechi ina tarehe na ina fedha. Chuo Kikuu cha Missouri, Novemba 2015, mwanafunzi mmoja alikuwa amegoma kula tangu tarehe 2 kupinga ubaguzi chuoni. Tarehe 7 wachezaji weusi wa timu ya futiboli wakatangaza kwamba hawatacheza hadi rais wa mfumo wa vyuo, Tim Wolfe, aondoke. Kukosa mechi ya wiki iliyofuata kungekigharimu chuo dola milioni 1. Tarehe 9 Wolfe akajiuzulu. Lakini kocha Gary Pinkel alikuwa upande wao. Chuo Kikuu cha Wyoming mwaka 1969, wachezaji 14 weusi wa futiboli walimwendea kocha wao kuomba wavae vitambaa vyeusi mkononi kupinga ubaguzi, naye akawafukuza wote papo hapo. Kocha akiwa kinyume, mchezaji mmoja mmoja hana kinga. Nafasi yake kwenye timu iko mikononi mwa huyohuyo anayembishia.

Kwa hiyo ukishuka jukwaani, usiondoke kabla ya kuitazama Clark Hall. Inabeba jina la Robert Clark, mkuu wa chuo aliyeifuta mechi ya 1967.