Zilipendwa za Waingereza, CD tatu kwa pauni 8: uzoefu wangu

Niseme mapema kwa mwenye haraka: nimelipatia boksi hili nyota tatu kati ya tano, na moja kati ya hizo ni ya wimbo mmoja tu.

Ndani mna CD tatu, nyimbo 60, zote za Waingereza wa miaka ya sabini walioamua kurudi kwenye rokenroli ya miaka ya hamsini. Koti refu lenye kola ya mahameli, suruali ya kubana, viatu vya soli nene, nywele zimepakwa mafuta zikasimama mbele kama kilemba cha jogoo. Niliagiza mtandaoni, likafika siku ya nne, kona moja imebonyea. Hilo la kona nimelisamehe.

Sababu ya kulinunua ni kwamba naishi Leicester, mji wa Uingereza, na Showaddywaddy, bendi mojawapo ya humo, ni vijana wa hapa. Bendi mbili za mjini ziliungana mwaka 1973, wakabaki wote wanane: waimbaji wawili, magitaa mawili, besi mbili, drami seti mbili. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi hatushtuki kuona watu wanane jukwaani, tungeuliza tarumbeta ziko wapi. Aliyenitia hamu yao ni mzee mmoja mwenye duka la vitambaa Belgrave Road, Mhindi wa Kampala aliyefika hapa mwaka 1972 Amin alipowafukuza. Halmashauri ya Leicester ilikuwa imeweka tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwasihi wasije. Wakaja. Kiswahili chake bado kipo, chenye lafudhi ya kwao. "Wewe kijana," aliniambia, "Kiingereza cha hawa watu kiwandani sisi hatukielewi, lakini redio yao tulielewa."

CD ya kwanza inaanza vizuri. Dave Edmunds na "I Hear You Knocking", wimbo uliokaa kileleni mwa chati wiki sita kuanzia mwishoni mwa 1970. Vyombo karibu vyote alipiga mwenyewe, na sauti yake inasikika kama ya mtu anayepiga simu akiwa ndani ya pipa. Ni rekodi halisi. Baadaye kidogo anaingia Alvin Stardust na "Jealous Mind", namba moja ya 1974. Huyu miaka ya sitini alikuwa akiimba kwa jina la Shane Fenton. Akapotea, akarudi na jina jipya na glavu nyeusi ya ngozi.

Halafu bendi ya Wizzard. "See My Baby Jive" ya 1973 ndiyo iliyolipatia boksi ile nyota ya peke yake. Kiongozi wao, Roy Wood, alirundika saksafoni, drami na waitikiaji mpaka ukawa kama matarumbeta ya harusi mbili yaliyokutana njia panda, na hakuna anayekubali kumpisha mwenzake. Ulishika namba moja wiki nne. Nimeusikiliza kwenye gari mpaka binti yangu amekataa kupanda.

Sasa CD ya pili. Niliruka moja kwa moja hadi "Under the Moon of Love", uliowapeleka Showaddywaddy namba moja mwishoni mwa 1976. Kabla ubeti wa kwanza haujaisha nikajua kuna jambo. Drami zilikuwa za mashine, safi mno, na mwimbaji alikuwa kama mtu aliyeshiba. Santuri ndogo ya wimbo huohuo ninayo, niliokota duka la hisani, la vitu vilivyokwishatumika, kwa senti 50, ina mikwaruzo kama mgongo wa punda. Nikazipiga zote mbili kwa kufuatana. Ile ya mikwaruzo ndiyo iliyochangamka! Kisha nikapiga picha mgongo wa boksi kwa simu na kuikuza, nikaona herufi ndogo kama sisimizi: baadhi ya nyimbo zimerekodiwa upya na msanii mwenyewe au na mmoja wa wanabendi. Nimehesabu 17 za namna hiyo, kwa sikio langu.

Biashara hii si siri. Rekodi ya zamani ni mali ya kampuni iliyoitoa, na kuitumia ni lazima ulipe. Kumwita mzee wa bendi studio aimbe tena ni nafuu. Nilimpelekea yule mzee wa vitambaa wimbo ule kwenye simu. Akasikiliza kidogo, akasema "Huyu amechoka," akarudi kupima kitambaa.

Nikabaki najiuliza, mbona nalalamika? Hata "Under the Moon of Love" si wao wa kwanza: Curtis Lee aliuimba Marekani mwaka 1961. "Three Steps to Heaven" walioupiga pia ni wa Mmarekani Eddie Cochran. "Oh Boy", uliowapa Mud namba moja mwaka 1975, ni wa Buddy Holly na Crickets. Boksi zima ni zilipendwa ya zilipendwa. Na tazama bendi ya Rubettes: "Sugar Baby Love" ilirekodiwa na wanamuziki wa kukodiwa, na yule mwenye sauti nyembamba ya ajabu, Paul Da Vinci, hakuvaa kofia nyeupe ya bendi wakati ule. Zilikuwepo pia santuri za bei ya chini ambazo waimbaji wasiotajwa waliiga nyimbo za chati. Hata Elton John aliwahi kujipatia riziki humo kabla ya kuvuma. Lakini wote hao waliiga wakiwa na njaa. Kwenye hizi 17 mtu anajiiga mwenyewe, na hajiwezi.

Kijitabu ni kurasa nne za picha. Hakuna neno kuhusu Wembley, Agosti 1972, walipokusanyika manguli wa rokenroli wa Marekani, Chuck Berry, Little Richard, Jerry Lee Lewis na Bill Haley, uwanja mmoja. Wala maandamano ya Mei 1976, wapenzi wa rokenroli walipotembea hadi BBC kudai muziki wao upigwe redioni, na wakapewa kipindi. Gary Glitter, nyota mwingine wa enzi hiyo, ameachwa, na kwa makosa aliyofungiwa, sikumtafuta.

CD ya tatu ni nzuri kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ya bendi ya Darts, waliofika namba mbili mara tatu mfululizo mwaka 1978 bila kuipata ya kwanza. Zote tatu zipo, zote halisi.

Niliwaandikia wauzaji. Wakanijibu kwa adabu kwamba maelezo yapo nyuma ya boksi. Kulirudisha kwa posta kungenigharimu karibu nusu ya bei, basi nimebaki nalo. CD ya pili tu ndiyo imehamia stoo.