Uzoefu wangu: konvertisa na betri ya litiamu katika garaji yenye panya, Lubumbashi

Nilinunua konvertisa, yaani mashine inayogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa ukutani, ya 3 kVA (kVA ni kipimo cha uwezo wa mashine), pamoja na betri ya litiamu ya volti 25.6 na ampea-saa 100 ili nyumba yetu iliyoko Kampemba, mjini Lubumbashi kusini mwa Kongo, ivuke usiku wa delestaji, yaani mgao wa umeme, bila jenereta. Duka lilituma fundi wake kuja kuifunga, na juu ya hayo likanipa kifaa kidogo cha sauti kinachodaiwa kufukuza panya, kwa kuwa mashine yote ilikuwa inafungwa katika garaji, mahali ninapolaza gari na mahali ambapo mama watoto alikuwa akiweka magunia ya unga wa mahindi. Nitavieleza vyote vitatu. Kwa kifupi, betri imestahili bei yake, kazi ya kufunga ilihitaji kurudiwa kwa sehemu, na kifaa cha panya sikushauri mtu yeyote akipokee hata kwa bure.

Wasiokaa Lubumbashi hushangaa kusikia mji wa shaba unalala gizani. Umeme wetu hutoka katika mabwawa ya Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, na mwingine husafiri kutoka bwawa la Inga kwa njia ya nyaya yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700 inayoishia Kolwezi, iliyokamilika mwaka 1982. Migodi nayo hula sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Mwadingusha ilianza kazi mwaka 1930, wakati mji huu ulikuwa mdogo sana kuliko ulivyo leo. Kwa hiyo mwenye nyumba hapa hapambani na giza la usiku mmoja, bali na umeme unaokuja kwa saa chache zisizotabirika, tena mara nyingi usiku wa manane, kisha ukaondoka kabla ya watu kuamka.

Hali hiyo ndiyo iliyonifanya niache betri ya asidi, ijapokuwa bei yake dukani ilikuwa chini sana. Watu wengi hulinganisha betri kwa kuangalia zinakaa muda gani, ilhali kwetu swali la kwanza ni zinajaa kwa muda gani. Betri ya asidi hupokea chaji haraka mpaka inapokaribia asilimia 80, kisha sehemu iliyobaki huingia polepole kwa saa nyingi. Umeme wetu hauna subira hiyo. Betri ikikosa kujaa usiku baada ya usiku, salfeti ya risasi hugandamana juu ya bamba zake, uwezo wake unapungua, na mwaka haujaisha mwenyewe anaanza kumlaumu muuzaji. Litiamu ya aina ya fosfeti ya chuma haidhuriki kwa kutojazwa kabisa, na hupokea chaji kwa kasi karibu mpaka mwisho. Yangu nimeiwekea ampea 40, yaani takriban wati 1,000, na kwa saa mbili na nusu hivi za umeme inatoka karibu tupu mpaka kujaa. Faida nyingine ni kwamba asidi haifai kushushwa chini ya nusu, lakini hii naweza kuitumia hadi asilimia 80 au 90 bila wasiwasi.

Kwa hesabu, betri hiyo inabeba takriban wati-saa 2,560. Taa nane za LED za wati 9 zikiwaka saa nne zinakula chini ya wati-saa 300, televisheni ya wati 70 kwa muda huohuo inakula 280, na ruta ya intaneti ya wati 12 inayoachwa usiku kucha inakula kama 120. Friji yetu, ambayo kompresa yake huwaka na kuzima, hula wastani wa wati 50. Jambo ambalo duka halikulitaja ni kwamba konvertisa yenyewe hula wati zipatazo 40 muda wote inapowaka, hata kama hakuna kitu kilichochomekwa, na kwa saa kumi hizo ni wati-saa 400, zaidi ya taa zote za nyumba. Pamoja na hayo yote tunafika asubuhi na akiba kidogo. Pasi hatuitumii kwa betri, jiko la umeme ndiyo kabisa. Bukari, yaani ugali, inaendelea kupikwa juu ya mbabula, jiko letu la makala (makaa), na sioni aibu.

Maandishi ya 3 kVA yaliyo ubavuni mwa mashine yasimdanganye mtu. Betri ya aina hii ina ubao wa ulinzi ndani yake, na wa kwangu unaruhusu ampea 100 tu, ambazo kwa volti 25.6 ni kama wati 2,500. Pampu ya kisima chetu imeandikwa wati 750, lakini inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya hizo kwa kitambo kifupi sana, na ikitokea friji nayo inaanza wakati uleule, betri inajizima na nyumba nzima inaingia gizani. Fundi alitaka kuniuzia konvertisa ya 5 kVA ili kutibu jambo hilo. Dawa hiyo haikuhusu ugonjwa, kwa kuwa anayekataa ni betri, si konvertisa. Tulihamisha pampu kwenye laini ya umeme wa kawaida peke yake, na tangi la maji juu ya paa linajazwa umeme unapokuwepo.

Sehemu iliyonisumbua zaidi ni volti. Jioni, mtaa mzima unapowasha majiko, umeme wetu uliopaswa kuwa volti 220 hushuka hadi 160 na wakati mwingine chini ya hapo. Konvertisa za namna hii zina mipangilio miwili ya kupokea umeme wa nje: mmoja mpana, unaokubali kuanzia volti 90 hivi hadi 280, na mwingine mwembamba, unaokataa chini ya 170. Fundi aliacha ule mpana, akaniambia, "Papa, hapa kwetu bila huo hutapata umeme." Alisema kweli kwa upande mmoja. Tatizo ni kwamba katika mpangilio mpana volti hizo dhaifu hupita moja kwa moja mpaka kwenye friji, na kompresa inayosukumwa kwa volti 150 hushindwa kuanza, hupata joto, na mwishowe huungua. Ukichagua ule mwembamba, friji inapona lakini konvertisa inaukataa umeme uliopo na kuanza kula betri jioni mapema, wakati ambapo ungependa ijazwe.

Njia iliyofaa ilikuwa kuweka kidhibiti volti, ambacho mafundi wa hapa hukiita regilateri, kabla ya konvertisa na si baada yake, na kukichagua chenye nguvu kupita mashine yenyewe, maana volti zikishuka kidhibiti huvuta ampea zaidi kutoka nje ili kutoa kiasi kilekile ndani. Changu ni cha 5 kVA, na kwa upande wa friji tuliongeza kifaa cha kuchelewesha kinachosubiri dakika 3 kabla ya kuirudishia umeme, ili gesi ndani ya kompresa itulie. Kifaa hicho kidogo ni rahisi kuliko kitu kingine chochote nilichonunua, na kama ningekuwa na pesa ya kitu kimoja tu ningeanza nacho, kwa sababu hapa vyombo vingi haviuawi na umeme unapokatika bali na namna unavyorudi.

Kuhusu radi niseme machache. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, una ngurumo nyingi, na duka lilileta kinga ya radi bila kuleta waya wa ardhi wa maana. Lilikuwa limepigilia kipande kifupi cha nondo karibu na ukuta. Kinga ya radi isiyo na ardhi nzuri ni pambo. Tulichimba upya mahali ambapo maji ya kuogea humwagika, kwa kuwa wakati wa kiangazi udongo wetu mwekundu hukauka kabisa na nondo iliyo katika udongo mkavu haipitishi kitu.

Sasa panya. Lubumbashi iko juu, kwenye mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali kwa viwango vyetu. Panya hutafuta joto, chakula na mahali pa siri, na garaji yetu ilikuwa na vyote: unga, injini iliyotoka barabarani, na konvertisa inayopumua hewa ya moto usiku kucha. Fundi alikuwa amepitisha nyaya zote ndani ya mifereji ya plastiki. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua, hivyo lazima atafune kitu ili yachakae, na plastiki hiyo kwake ni kama muwa. Waya wa mawasiliano kati ya betri na konvertisa ulikatwa kwanza, na mashine ikaanza kuonyesha alama ya hitilafu ambayo duka lilitaka kuitibu kwa kubadilisha ubao wa ndani. Muda si mrefu gari nalo likawasha taa ya injini. Fundi wa magari alikuta waya wa sindano ya mafuta umegugunwa, na nyuma ya sanduku la dashibodi, ambalo katika gari letu lenye usukani wa kulia kama mengi yatokayo Japani liko kushoto, chujio la hewa ya ndani lilikuwa limegeuzwa tandiko la watoto wa panya.

Kile kifaa cha sauti kilikuwa kinafanya kazi wakati huo wote, taa yake ya buluu ikiwaka. Kinatoa sauti ya juu kupita kilohezi 20 ambayo binadamu haisikii, na dosari yake inafahamika: sauti ya namna hiyo haipenyi gunia wala bati, hufifia baada ya umbali mfupi, na panya huizoea. Tume ya Biashara ya Marekani iliwaonya watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa hivi mwaka 2001 kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Vifaa vya aina hiyo vinavyofungwa chini ya boneti vina ubaya wa ziada, kwa kuwa hunywa betri ya gari lisilotembea.

Kilichofaulu kilikuwa kazi ya mikono. Unga ulihamia kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, nalo pipa likaondolewa garajini. Panya mdogo hupita katika tundu la milimita 6 au 7, kwa hiyo wavu wa chuma ulioshonwa kwa matundu ya milimita 5 ndio tuliouweka chini ya mlango na kwenye mdomo wa njia ya hewa ya gari, na mashimo ya ukutani tukayajaza sufu ya chuma kabla ya saruji. Nyaya za konvertisa sasa zinapita ndani ya mabomba ya chuma. Kwenye feni yake hatukubandika wavu juu ya tundu, maana hewa ingebanwa. Tuliizungushia kizimba kilicho mbali nayo kama shibiri. Mitego ya kubana iliwekwa kando ya ukuta, kwa sababu panya hupenda kutembea akigusa ukuta, na chambo kilichopendwa kuliko vyote ni karanga zilizosagwa zikapakwa juu ya kichwa cha ndakala (dagaa) mkavu. Sumu nilikataa. Sumu nyingi za madukani huzuia damu kuganda na huua baada ya siku kadhaa, panya akishajificha ndani ya kiti au nyuma ya dashibodi, na paka wa jirani anayemla anaweza kufa naye.

Anayesafisha gari au garaji baada ya hapo asifagie mavi makavu ya panya, kwa kuwa vumbi lake linaweza kubeba magonjwa. Avae glavu, afungue milango hewa ipite, anyunyizie maji yenye javel (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo), sehemu moja kwa tisa za maji, asubiri dakika zisizopungua tano, kisha afute kwa karatasi ya kutupa.

Betri naipa alama tisa kwa kumi, konvertisa saba, na ufungaji nne, ingawa kijana aliyekuja mara ya pili alikuwa mwangalifu na alisikiliza. Anayetaka kununua seti kama hii aisome karatasi ya dhamana kabla ya kulipa. Yangu inaahidi miaka mitano kwa betri, lakini mwishoni, kwa herufi ndogo, inaondoa madhara ya wadudu na wanyama, na duka lilikuwa tayari kuutumia mstari huo hadi nilipowaonyesha kwamba mifereji ya plastiki ni wao walioichagua. Walilipa mabomba ya chuma. Waya wa gari nililipa mwenyewe.