Kisu cha springi mfukoni, kati ya Likoni na Biashara Street

Kazi yangu iko dukani, Biashara Street, Mombasa, duka la leso na vikoi. Marobota yakifika huwa yamefungwa mikanda migumu ya plastiki, chini ya mikanda kuna gunia la nailoni, chini ya gunia karatasi, ndipo uione leso. Mkono mmoja unalizuia robota lisibingirike, mkono wa pili ndio wa kisu. Kwa hivyo nilitaka kisu cha mfukoni kinachofunguka kwa mkono mmoja. Nimebeba viwili vya aina hiyo. Cha kwanza kilikaa nami mwaka mmoja kikanikata. Cha pili ninacho mwaka wa pili sasa, na ndicho nimekuja kukieleza.

Watu wakikiona kinavyochomoka hudhani ni kile cha kitufe, ambacho ukibonyeza mpini tu bapa hutoka lenyewe. Hiki sicho. Nyuma ya bapa kuna kijino kinachochungulia nje ya mpini. Unakisukuma kwa kidole cha shahada, bapa linaanza kutoka kwa nguvu zako mwenyewe, na likishatoka kidogo springi iliyo ndani inalidaka na kulimalizia safari. Kabla ya hapo springi hiyohiyo inafanya kinyume: inalivuta bapa libaki ndani. Kwa macho tofauti ni ndogo, lakini Marekani waliiandika kwenye sheria yao mwaka 2009, kwamba kisu chenye mvuto wa kubaki kimefungwa mpaka mkono wa mtu ulisukume bapa hakihesabiwi pamoja na vile vya kitufe. Mmoja wa waliofanya visu hivi vienee ni Ken Onion, mfua visu wa Hawaii, aliyebuni utaratibu wake miaka ya 1990, na kampuni ya Kershaw ikauita SpeedSafe. Mtu wa pwani kama sisi.

Sasa kile cha kwanza. Nilikinunua kibandani, springi kali, kijino kirefu, na hakikuwa na kitu chochote cha kulizuia bapa kikiwa kimekunjwa. Jioni moja tumeshuka feri upande wa Likoni, nimemshika mkono binti yangu wa miaka sita, tunaingia matatu. Kisu kilikuwa mfuko wa kulia pamoja na funguo za duka. Nilipoinama kuingia garini funguo zikakisukuma kijino. Sikusikia mlio wowote, konda alikuwa anagonga bodi na abiria wanasukumana. Nikaketi, nikampakata mtoto, nikatia mkono mfukoni kutoa nauli, na hapo ndipo nilipokutana na makali. Kidole cha kati, nyuzi nne.

Kidole kilipona. Lililonikosesha usingizi ni jingine. Bapa lilikuwa limefyatuka mpaka kitambaa kikalizuia, na ncha yake ilikuwa imetoboa suruali na kutokeza nje, upande uleule aliolaza mguu mtoto. Lau angegeuka! Usiku ule nilikaa barazani na ile suruali mikononi nikilitazama lile tundu, na kisu kile sikukibeba tena.

Kwa mwaka mzima kilikuwa hakijanikata nikifungua robota hata mara moja. Kilinikata nikiwa sina habari nacho. Ndiyo maana nasema anayetaka kisu cha springi asianze kuuliza kinakata vipi. Aulize kinakaa vipi mfukoni, na nini kinalizuia bapa lisitoke.

Shemeji yangu ni baharia. Nilipomsimulia mkasa huo, safari iliyofuata aliniletea Kershaw Leek, ndani ya sanduku la kupakiwa, maana mkononi kisu hakiingii ndegeni. Ni kazi ya huyohuyo Ken Onion. Bapa lina urefu wa kama sentimita 7.6, kikikunjwa chote ni kama sentimita 10, na uzito wake gramu 85 hivi. Wembamba wake unanifaa, kwani hakivimbi mfukoni. Kufuli yake ni sehemu ya mpini wenyewe: upande mmoja umechanwa ukawa kama ulimi wa chuma, bapa likifunguka kabisa ulimi unaingia nyuma yake na kulikataza lisirudi kwenye vidole. Mpini ni chuma kitupu, basi jasho la Februari nalipangusa kwanza kwenye kikoi ndipo nikishike. Ncha ni nyembamba sana, nzuri kwa kuingia chini ya mkanda wa plastiki. Sibandulii nayo kifuniko cha kopo wala sizungushii skrubu.

Lakini kilichonifanya nikae niandike ni komeo lake. Mwishoni mwa mpini, pale ncha inapolala kisu kikiwa kimekunjwa, kuna kikomeo kidogo cha kuteleza. Ukikisogeza kinaishika ncha, na hapo kijino kisukumwe na funguo, na kiti cha matatu, na kiwiko cha mtu ferini, bapa halitoki. Jambo dogo kama kucha. Kile cha kwanza kingekuwa nalo, nisingeshonwa.

Komeo peke yake halitoshi, inabidi na mtu mwenyewe awe na utaratibu. Mfuko wa kulia ni wa kisu peke yake, hakuna funguo, hakuna sarafu, hakuna simu. Klipu nimeifunga ili kisu kikae ncha juu. Hapo komeo linakuwa kwenye mdomo wa mfuko na kidole gumba kinalifikia, kijino nacho kiko chini kabisa ambako mkono haupiti. Kisu nakisogeza mpaka mshono wa nyuma wa mfuko, mgongo wa bapa ukiuelekea mshono. Bapa hutokea upande huo, kwa hivyo hata komeo likisahauliwa linakutana na mshono kwanza. Nilijaribu kukiweka katikati ya mfuko wiki moja nikaacha, kwa sababu kila nikiketi kilikuwa kinalala upande.

Kukitoa ni hivi: nakitoa kimefungwa, natazama aliye karibu nami, nasogea, natoa komeo, ndipo kidole kinakwenda kwenye kijino. Komeo halitolewi kisu kikiwa mfukoni, kamwe, hata kama mteja amesimama anangoja. Na kukifunga kunataka utulivu kuliko kukifungua. Springi inabisha, bapa unalirudisha kwa kulisukuma, na mkono unaosukuma ndio unaoweza kuponyoka. Nimekizoea lakini bado nafunga kwa mikono miwili, vidole vimekaa kando ya njia ya bapa, kisha komeo, kisha nakivuta kijino kidogo kuhakikisha. Nikisikia kimekataa, kinarudi mfukoni.

Ijumaa nikivaa kanzu sikibebi. Mfuko wa kanzu ni mpana, hauna pa kushika klipu, na msikitini tunakaa bega kwa bega. Kinabaki kwenye droo ya duka.

Mombasa ina maadui wawili wa kisu hiki. Wa kwanza ni chumvi. Chuma cha bapa la Leek ni 14C28N, cha Sweden, hakishiki kutu kirahisi na hunoleka vizuri kwa kinoo cha kawaida cha maji. Ila lisikudanganye bapa linalong'aa ukasahau springi na skrubu zilizo ndani. Kile cha kwanza bapa lake lilikuwa bado jeupe huku springi imeshika kutu, nikawa najiuliza mbona siku nyingine kinafyatuka, siku nyingine kinakwama njiani. Nikilowa kwa mawimbi au mvua ya masika nakisuuza kwa maji matamu, nakikausha kikiwa wazi, natia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mhimili. Tone moja tu, na mafuta ya nazi nimeyakataza dukani kwangu kwa kazi hii: yanachacha, yananata, yanaalika vumbi.

Wa pili kwangu ni nyuzi. Duka la leso limejaa vumbi la pamba, nalo linaingia kwenye mhimili na kujisokota humo. Kila Jumamosi jioni namwendea fundi wa simu jirani, ananipulizia kwa kile kipulizio chake. Kisu chenye nyuzi hakifunguki mpaka mwisho, na kisu ambacho hakijafunguka mpaka mwisho kufuli yake haijaingia. Hicho kitakukunjikia vidoleni.

Nije kwenye askari, maana ndilo swali ninaloulizwa zaidi. Mji huu umeteseka kwa vijana wenye visu na mapanga, Kisauni na hata kwetu Likoni, na sioni ubaya askari akiuliza. Siku moja kwenye lango la feri mmoja aliona klipu.

"Kijana, hicho ni nini?"

"Ni kisu cha kazi, afande. Nafungulia marobota dukani."

Nilikuwa nimeshainua mikono kutoka mfukoni, nikamwacha akitoe mwenyewe. Alikitazama, akanionyesha komeo, nikamweleza, akanirudishia na kuniambia, "Kikae begini basi, si kiunoni." Alisema kweli. Tangu siku hiyo, kabla ya kufika lango la feri kisu kinaingia ndani ya kijaluba chenye zipu, chini kabisa ya mkoba, na kinakaa humo mpaka nifike dukani. Huko njiani sina robota la kufungua.

Sheria yetu inakataza kuwa na silaha ya kudhuru kwenye mkutano wa hadhara au maandamano, na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 308, inamshika anayekutwa na silaha ya hatari katika hali inayoonyesha amekusudia kosa kubwa. Kwa hivyo mkutano wa siasa siendi nacho, mahakamani siendi nacho, na nikisafiri kwa SGR nakiacha nyumbani kabisa, pale Miritini mizigo inapita kwenye mashine na mbwa wananusa. Na wenye jamaa Uingereza, tafadhali msiwapelekee zawadi ya kisu hiki. Huko tangu mwaka 2021 ni kosa hata kuwa nacho ndani ya nyumba.

Nikiulizwa kama nakipendekeza, nakipendekeza kwa mtu ambaye kazi inamshika mkono mmoja kila siku: mfunga mizigo, mvuvi, fundi wa matanga. Anayetaka tu kumenya embe achukue kisu cha jikoni. Na kisicho na komeo la kushika ncha sikinunui tena hata nikipewa bure.

Mpwa wangu ameanza kazi dukani mwezi uliopita, ana miaka kumi na tisa, na siku ya pili aliniomba, "Mjomba, na mimi nipatie kama hicho." Nimempa kisu cha kawaida cha kukunja, cha kufungua kwa mikono miwili, kisicho na springi. Jana aliniita nitazame alivyokiweka: mfuko wa kulia, peke yake, kimesogea hadi kwenye mshono. Funguo alikuwa amezihamishia kushoto.