Sefu ya bastola nyumbani: ipi ununue ukiwa Dodoma

Mmiliki wa bastola mwenye leseni akiona video za Wamarekani wanaojaza upya maganda ya risasi kwenye meza ya gereji huzitamani upesi zile mashine za mkono, lakini hapa Tanzania kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai na mazungumzo yanaishia hapo. Fedha ya kununulia mashine hizo ingefaa iende kwenye sefu, ambayo wengi huikumbuka mwisho, baada ya mkoba wa kiunoni na mafuta ya kusafishia, ilhali ndiyo inayopaswa kuwemo ndani ya nyumba kabla bastola haijavuka kizingiti.

Nimezipanga aina nne zinazopatikana kwa vipimo viwili tu: mwizi aliyeachwa peke yake chumbani kwa dakika kumi akiwa na mtaimbo, na mtoto aliyeachwa nyumbani jioni nzima akiwa na udadisi wake.

Nafasi ya kwanza naipa sefu ya kuagiza kwa fundi wa kuchomelea. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016 ujenzi haujatulia, na mafundi wa mageti na grili wamejaa kuanzia Nkuhungu hadi Nzuguni, kwa hiyo anayejua kupima hakosekani. Mwagize bamba la milimita 4, na vipimo vya sentimita 30 kwa 25 kwa 20 vinatosha bastola, magazini na nyaraka za leseni. Sefu ya namna hiyo itakuwa na uzito wa takribani kilo 12, yaani kama ndoo ndogo ya maji, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapojidanganya: wanapigapiga chuma, wanasikia mlio mzito, wanaridhika, wakati mwizi hana haja ya kuifungua ikiwa anaweza kuondoka nayo kwapani. Kwa sababu hiyo, mwambie fundi atoboe matundu manne kwenye kitako kabla ya kupaka rangi, kisha sefu ifungwe kwa bolti za kupanuka kwenye zege la sakafu, ndani ya kabati la nguo. Ukuta wa tofali za kuchoma ninauogopa, kwa kuwa drili ikishapita lipu tofali hupukutika na bolti hubaki ikicheza. Mpangaji aombe ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya kutoboa.

Siku ya kuichukua, kagua mlango kwa utulivu. Unapaswa kuzama ndani ya fremu, na nafasi inayobaki pembeni isipitishe hata sarafu ya shilingi mia, kwa sababu ncha ya mtaimbo ikipata pa kuingilia, kitasa hakina msaada tena. Kama bawaba ziko nje, upande huo wa mlango uchomelewe kwa ndani kipande cha nondo kinachojishika nyuma ya fremu, ili hata bawaba zikikatwa kwa grenda mlango usitoke. Udhaifu wa sefu hii ni ufunguo wake. Utembee nao mwilini, wala usiufiche juu ya kabati au chini ya godoro, maana watoto wa nyumba wanayajua maficho hayo kuliko wewe.

Nafasi ya pili ni sefu ya dukani ya kubonyeza namba. Inamshinda mtoto vizuri zaidi kuliko ufunguo, mradi ubadilishe namba ya kiwandani siku hiyo hiyo, lakini nyingi za bei nafuu zina mwili mwembamba, na baadhi hufunguka zikipigwa ngumi juu huku kitasa kikizungushwa. Mwombe muuzaji aifunge, kisha ujaribu mwenyewe mbele yake. Akikataa, umeshapata jibu. Betri zibadilishwe kila Desemba mvua zinapoanza, hata kama bado zina nguvu. Mimi niliwahi kuufungia ufunguo wa dharura ndani ya sefu yenyewe, betri zikaisha, na fundi akanitoza kazi ya nusu siku huku akicheka waziwazi.

Ya alama ya kidole naiweka ya tatu, ingawa ndiyo inayopendeza kuliko zote dukani. Kati ya Juni na Agosti upepo wa Dodoma hukausha ngozi mpaka ikapasuka, vumbi huganda kwenye kioo cha kusomea, na mwenye mikono ya kazi ya saruji au shamba anaweza kujaribu mara tano bila kutambuliwa. Kabati la chuma la mafaili linashika mkia, na nisingeliita sefu: bisibisi nene hupinda mlango wake kwa muda mfupi tu.

Vyovyote utakavyochagua, risasi ziwe na chumba chake chenye kufuli lake, na bastola iingie sefuni chemba yake, yaani pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ikiwa tupu. Nyumba ikiungua, risasi iliyo wazi hupasuka ganda na kurusha vipande visivyokwenda mbali, lakini iliyo ndani ya chemba huruka kwa nguvu yake yote kama iliyofyatuliwa kwa kidole. Usiihifadhi bastola ndani ya mkoba wa ngozi, kwani ngozi hushika unyevu, na miezi ya mvua kati ya Desemba na Aprili inatosha kuotesha kutu. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya vinafaa, ila huchoka, kwa hiyo vibadilishwe.

Bolti zikishakazwa, waite watu wazima wawili waivute sefu kwa nguvu zao zote. Ikitikisika hata kidogo, fundi asilipwe sehemu iliyobaki mpaka atoboe upya.