Sili za valvu za Viton, seti ya 16: uzoefu wangu wa kuzifunga bila kufungua silinda hedi

Sili hizi ni vizuizi vidogo vya Viton, aina ya raba, vinavyozuia oili kuchuruzika na shina la valvu hadi ndani ya silinda. Nimezifunga kwenye injini ya petroli ya silinda 4, valvu 4 kila silinda. Sasa zimetembea kilomita 3,000 na ule moshi wa bluu wa asubuhi haupo tena. Naipa seti nyota 4 kati ya 5.

Kabla ya kununua, hakikisha ugonjwa ni wa sili kweli. Sili zilizochoka hutoa moshi unapowasha gari lililolala usiku kucha, kwa kuwa oili imechuruzika kwenye shina la valvu. Hutoa pia ukishuka mlima mrefu umeachia pedeli ya mafuta, halafu ukakanyaga, kwa sababu mvuto wa inteki (njia ya kuingiza hewa) umekuwa ukinyonya oili muda wote ule. Gari linalofuka mfululizo, hasa likiwa na mzigo, mara nyingi shida yake ni ringi za pistoni, na hapo sili mpya ni hela ya bure. Pima kompresheni (mgandamizo wa silinda) kwanza.

Kilichonifanya nichague Viton ni joto. Inavumilia nyuzi 200 za Selsiasi, wakati raba ya kawaida ya nitrili hukakamaa mapema zaidi. Zile za zamani nilizozing'oa zilikuwa ngumu kama plastiki, ukibonyeza mdomo kwa ukucha unapasuka. Hizi mpya zinabonyea na kurudi palepale.

Kazi yenyewe hufanywa silinda moja baada ya nyingine, kemshafti (mihimili inayosukuma valvu) zikiwa zimetolewa. Pistoni iwe juu kabisa, kisha ingiza hewa ya baa 6 kupitia tundu la plagi ili valvu zisidondoke. Funga krenkshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) isizunguke kabla ya kufungulia hewa. Pistoni ikiwa imepita juu hata kidogo, hewa itaisukuma chini kwa nguvu, na mkono ulio kwenye spana utaumia. Ziba matundu yote yanayorudisha oili kwa vitambaa, maana loki moja (kipande kidogo kinachoshikilia kofia ya springi kwenye shina la valvu) ikitumbukia humo utashusha sampo, bakuli la oili chini ya injini, kuitafuta. Loki zikigoma, weka soketi juu ya kofia ya springi ugonge kidogo kwa nyundo, zitaachia.

Springi ikishatoka, achia hewa, valvu ikalie pistoni, kisha itikise kushoto na kulia. Kwenye injini nyingi nafasi kati ya shina na bushi yake (mrija unaoliongoza) haitakiwi kuzidi milimita 0.08 upande wa inteki na 0.10 upande wa eksozi. Ukiona shina linacheza kwa macho, simama hapo, hedi ifunguliwe na bushi zibadilishwe. Shina linaloyumba hula sili mpya kwa muda mfupi.

Kitu bora kwenye seti hii ni kijimrija cha plastiki cha kuvalisha ncha ya valvu. Mfereji wa loki una kingo kali kama wembe, na sili ikipitishwa juu yake bila kinga, mdomo unachanika mchaniko mdogo usiouona, na moshi unarudi. Usisahau kurudisha kikalio cha springi kabla ya sili, kama injini yako inacho cha peke yake. Paka oili safi mdomoni, teremsha sili kwa mkono, toa mrija, kisha sukuma kwa soketi ndefu inayogusa ganda la chuma tu. Ikifika chini utasikia imegota. Usiongeze nguvu, ganda litapinda. Loki huzibandika kwa grisi zikae mahali pake springi ikiachiwa.

Nyota niliyoikata ina sababu mbili. Sili moja ilikuja bila kile kispringi cha duara kinachobana mdomo. Muuzaji aliibadilisha, lakini kagua zote 16 kabla ya kuanza. Halafu zina rangi mbili, 8 kwa 8, na hakuna karatasi inayosema ipi ni ya inteki na ipi ya eksozi. Rangi hutofautiana kwa mtengenezaji, kwa hiyo nililinganisha umbo na zile nilizozitoa. Hazibadilishani nafasi.

Baada ya kuwasha, gari lilifuka kama dakika 20: ni oili iliyokuwa imebaki kwenye bomba la eksozi inaungua. Awali lilikuwa likimaliza lita 1 kila kilomita 1,200. Sasa dipistiki imeshuka kama milimita 3 tu tangu nizifunge.