Bima ya gari: kuikata dakika chache, kulipwa matibabu ni kazi nyingine

Nyota mbili kwa kampuni yangu ya bima, na hizo ni kwa sababu gari walilitengeneza vizuri. Niligongwa kwa nyuma nikiwa nimesimama kwenye foleni. Bampa halikuleta maneno. Shingo ndiyo iliyozua ugomvi: walilipa eksirei ya siku ile, kisha wakakataa MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili kwa sumaku) na fiziotherapia (tiba ya mazoezi na viungo).

Barua ya kukataa ilikuwa fupi: tatizo lilikuwepo kabla ya ajali. Walichokishika ni mstari mmoja wa faili langu la zamani, kwamba niliwahi kulalamikia maumivu ya kiuno. Kiuno! Mimi nadai shingo. Afisa wa madai kwenye simu mpole ajabu, "mteja wetu mpendwa" haimtoki mdomoni, ila ukimuuliza ni kifungu gani cha mkataba kinachokunyima, anakwambia subiri tutakupigia.

Nikaachana na simu, nikahamia kwenye maandishi. Niliwataka wanitajie kifungu na wanipe nakala ya maoni ya daktari wao. Maoni yalipokuja, kumbe daktari mwenyewe hajawahi hata kuniona. Kasoma makaratasi tu, na hoja yake kubwa ni kwamba eksirei haikuonyesha kitu. Daktari anayenitibu alipoisoma alicheka. Eksirei inaonyesha mifupa. Misuli, kano na diski za kati ya pingili haizionyeshi sawasawa, ndiyo maana MRI iliagizwa. Akaniandikia barua nzito: shingo haikuwa na historia yoyote, maumivu yalianza kesho yake (kwa shingo iliyotikiswa ni kawaida kuchelewa hivyo), na kila tiba inahitajika kwa sababu ipi. Hiyo ndiyo iliyonibeba.

Rufaa niliipeleka ndani ya muda uliotajwa kwenye barua yao, huo usiuchezee hata kidogo, na nakala nikaituma kwa mamlaka inayosimamia bima. Majibu yakaanza kuja haraka, sijui kwa nini! Katikati ya hapo wakaniletea fomu ya "malipo kamili na ya mwisho" yenye kihela cha kunituliza. Sikusaini. Ukishasaini ile, dai limefungwa, hata shingo ikija kuharibika zaidi.

Mwishowe wamelipa MRI na sehemu kubwa ya fiziotherapia. Nauli za kliniki wamegoma, na barua ya daktari nimeigharamia mwenyewe. Mkataba ukiisha sihuishi.